Vyerehani Vilivyomngoja Mgeni Rasmi

Domitila alikitoa cherehani chake kwa mikono yake miwili, mchana kweupe, tena akapigiwa vigelegele. Hilo ndilo lililomuuma kila alipolikumbuka. Angekuwa ameibiwa, angekwenda polisi. Angekuwa amelazimishwa, angepata wa kumlaani. Lakini alitoa mwenyewe, huku anacheka, kama mtu anayemgawia jirani chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka tisini na saba, mvua hazijaanza. Wafadhili walikuwa wamekubali kukipa Kikundi cha Akina Mama Jitegemee cha Katindiuka vyerehani vitano vya mkono, vipya, ili wasichana wa pale wafundishwe ushonaji. Masharti yao yalikuwa mepesi: kikundi kiwe na jengo, na wanakikundi nao waoneshe wametoa kitu. Jengo walikuwa nalo, chumba cha tofali za kuchoma chenye bati juu na saruji chini, nje kidogo ya mji wa Ifakara. Kitu cha kutoa ndicho kilichokosekana. Kikaoni kila mtu alitazama vidole vyake vya miguu, mpaka Domitila, ambaye ndiye angekuwa mwalimu wa hao wasichana, akasimama na kusema atatoa cherehani chake. Si ni kwa muda mfupi tu? Mradi ungefunguliwa mwezi wa kumi na mbili, naye angekitumia humo humo darasani, asubuhi akifundisha na jioni akishona kazi za watu.

Aliyeanza kupiga makofi alikuwa Mzee Kelestini, mlezi wa kikundi. Kikundi kilikuwa cha akina mama, ndiyo, lakini mlezi alikuwa mwanaume, kwa sababu ilionekana kwamba akina mama bila mlezi wangeweza kupotea njia kati ya jengo lao na kisima. Mzee Kelestini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkulima hodari wa mpunga, mcha Mungu, hagusi cha mtu. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni mgeni rasmi. Kwa Mzee Kelestini kitu hakijaanza mpaka mtu mkubwa kutoka mbali aje akate utepe, ashike kitu hicho cha kwanza, apigwe picha. Kisima chenyewe walichokuwa wakichota maji kilikaa kimefungwa mnyororo msimu mzima, watu wanateremka mtoni na ndoo zao, kisa mheshimiwa wa kunywa glasi ya kwanza hajapatikana.

Basi vyerehani vikaja, vikaingizwa chumbani, vikapangwa sakafuni. Kila kimoja kikafungwa nailoni nzito na kamba ya katani juu yake, cha Domitila kikiwa cha sita, mwisho wa mstari. Dirisha likapigiliwa mbao kwa ajili ya wezi. Mlango ukatiwa kufuli, na ufunguo ukapanda shingoni mwa Mzee Kelestini, ukaning'inia pamoja na rozari yake.

Halafu mvua zikaja. Hazikuwa mvua za Kilombero tunazozijua, zinazonyesha zikamaliza. Zilikuwa zile za Elinino, zilizonyesha kama mtu amefungua bomba akasahau. Barabara ya Kidatu ikakatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Mgeni rasmi, mheshimiwa mmoja kutoka mkoani, akatuma salamu kwamba mwezi wa kumi na mbili haiwezekani, wamngoje wa kwanza. Mwezi wa kwanza akatuma salamu nyingine. Huku Katindiuka vyura walikuwa wanaingia jikoni bila hodi. Nguo zilizofuliwa Jumatatu zilivaliwa Ijumaa zikiwa bado mbichi, na viatu vya kanisani viliota ukungu wa kijani chini ya kitanda. Sasa mwenye akili zake ajiulize: ikiwa kiatu cha ngozi kinaota ukungu chini ya kitanda anachokilalia mtu kila siku, chuma kilichofungiwa gizani juu ya saruji kinaota nini?

Domitila alijua kinaota nini. Masista waliomfundisha kushona akiwa msichana walimfundisha na kutunza. Kila masika alikiweka cherehani chake mezani, mbali na ukuta. Alikifuta, akakidondoshea mafuta yake kwenye vitundu vyake, akakifunika kitenge kikuukuu kinachopitisha hewa, na pembeni akaweka kopo la mkaa mkavu wa kunywa unyevu. Jua likitoka anakifunua kipumue. Miaka yote hiyo hakijawahi kushika kutu hata ya ukubwa wa kichwa cha sindano. Kilimsomesha Raimundi, mwanawe, kikamwezekea bati. Sasa kilikuwa kimelala sakafuni ndani ya nailoni kama maiti ya ajali.

Siku moja jua lilipochomoza baada ya wiki nzima ya giza, alikwenda nyumbani kwa Mzee Kelestini mbio mbio kabla mawingu hayajabadili mawazo.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Raimundi. Karibu. Vipi na mvua hizi?"

"Hizo hizo ndizo zilizonileta. Naomba ufunguo. Nikavifungue vile vyerehani, nivifute, nivitie mafuta, vipate hewa leo jua limetoka."

Mzee akapeleka mkono kifuani, akaufunika ufunguo. "Vimefungwa vizuri sana vile. Nailoni nzito, kamba nimekaza mwenyewe. Hata tone haliingii."

"Ndio ubaya wake! Haliingii wala halitoki. Unyevu uliokuwemo umefungiwa humo humo. Chuma kinatoka jasho, Mzee. Mtu ukimfunga nailoni namna ile si atakufa?"

"Cherehani si mtu, Mama Raimundi. Na mgeni rasmi ndiye atakayevifunua, kwa mkono wake. Bi harusi hafunuliwi na wapishi."

"Basi hata hicho changu tu. Hicho si kipya, kimeshafunuliwa na kila mtu hapa Ifakara. Nikae nacho nyumbani, siku ya mgeni nakirudisha."

"Tumetoa taarifa kwamba viko sita. Mheshimiwa akitokea ghafla akakuta vitano, nitamwambia nini? Kwamba kimoja kimekwenda kumsalimia mwenyewe?"

Akarudi nyumbani meno yameshikana. Njiani mvua ikaanza upya, ikamlowesha mpaka kwenye mifupa, akaona hata mbingu ziko upande wa Mzee Kelestini.

Maisha bila cherehani yalikuwa maisha ya kuomba radhi. Kibaraza cha duka karibu na soko, alichokuwa akishonea miaka nenda rudi, kilichukuliwa na fundi mwingine kutoka Mlimba. Watu walikuja nyumbani na vitambaa vyao, wakaambiwa wasubiri kidogo, wakasubiri, wakachoka, wakaenda kwa huyo wa Mlimba. Domitila alibaki kushona vifungo na kuziba matundu kwa sindano ya mkono, kazi ya bibi asiyeona vizuri. Edward, mumewe, mtu wa masihara hata pasipostahili, alimwuliza kila jioni, "Vipi, umemwona mwenzio huko? Hajambo? Maana yeye amepata mlezi, sisi wengine hatuna." Mwanzoni Domitila alicheka. Ilipofika mwezi wa pili alimwambia akirudia tena neno hilo atakula ugali mkavu, na Edward akaona ni heri kunyamaza.

Aliyemwelewa alikuwa Kabula, mama wa Kisukuma ambaye yeye na mumewe walihamia bondeni na ng'ombe wao miaka michache nyuma. Binti yake alikuwa miongoni mwa wasichana waliokuwa wanangoja darasa. Siku moja alimletea Domitila chupa ya samli.

"Chukua hii, mayo, mama yangu, ukipakaze. Kwetu tunapaka ngozi, tunapaka kamba, vyote vinalainika."

Domitila akamshukuru, akamweleza kwamba samli ikikaa kwenye chuma inageuka gundi, na panya wote wa Katindiuka wangehamia humo na watoto wao.

"Basi tukaangie samaki," alisema Kabula. "Na ule mlango tuuvunje."

"Tuuvunje vipi, Kabula? Mlango wetu wenyewe?"

"Ndiyo. Ni wetu."

Domitila alicheka, lakini usiku ule neno lile halikumwacha alale vizuri. Asubuhi akaona aibu nalo. Yeye ni mtu mzima, mwanakikundi, mtu wa jumuiya kanisani. Atasema kikaoni, kwa utaratibu.

Kikaoni akasema kwa utaratibu. Akaeleza saruji inavyopitisha maji kutoka ardhini hata kama juu inaonekana kavu. Akaeleza vyerehani vipandishwe juu ya mbao, nailoni itolewe na viwekewe vitambaa, na ndani ya chumba yawekwe makopo ya mkaa. Wenzake wakamtazama kwa huruma, kama wanavyotazama mtu anayeongelea ndoto. Rosa, katibu, rafiki yake wa tangu utoto, alikuwa anamwonesha kwa jicho kwamba afupishe. Domitila akatafuta mfano wa kuwaingia.

"Hivi hamjaona kule hotelini stendi? Kwenye kichupa cha chumvi wanatia punje za mchele. Kwa nini? Mchele unakunywa unyevu, chumvi haigandi. Na mkaa ni hivyo hivyo."

Mzee Kelestini, aliyekuwa ameegemea ukuta amefumba macho, akayafumbua. "Mchele?"

"Ni mfano tu, Mzee. Mimi nasemea mkaa."

"Mkaa utachafua. Lakini hilo la mchele nimelisikia."

Domitila akafurahi. Alidhani ameanza kueleweka, masikini, na kwa wiki kadhaa alitembea amechangamka.

Mvua zilichelewa kukoma mwaka ule. Mavuno yalikuja na mawingu yake. Domitila na Edward walihamia shambani kwao, njia ya kwenda Mngeta, kama familia nyingi zinavyofanya, wakalala kibandani huko mpaka mpunga wao ukakatwa, ukapigwa, ukaanikwa kwa kuvizia jua. Aliporudi Katindiuka alipita kwanza kwenye jengo la kikundi, kama mtu anavyopita kumwona mgonjwa. Hakuwa amefika mlangoni aliposikia harufu. Ilikuwa harufu tamu, nzito, ya kitu kinachovunda katika joto. Akagusa mlango, ukawa na uvuguvugu. Akachungulia katikati ya mbao za dirisha, mvuke ukampiga usoni.

Chumba kilikuwa kimejaa mpunga.

Ulikuwa mpunga wa shamba la kikundi, uliovunwa kwenye mvua na kupigwa kwenye mvua. Magunia yalipangwa ukutani hadi darini, na mwingine ulimwagwa wazi sakafuni, ukavizunguka vyerehani mpaka shingoni. Mpunga mbichi ukirundikwa unapata joto, unatoka jasho, unachipua. Kila mtoto wa Kilombero analijua hilo, na Mzee Kelestini alilijua kuliko wote. Aliwahi kumfukuza kibarua aliyeingiza gunia moja bichi ghalani mwake. Lakini huu hakuuhesabu kuwa ni mpunga tena. Alishaufanya dawa.

Domitila alimkuta uani kwake ananoa panga. Shikamoo aliisahau.

"Mzee, umeweka nini mle ndani?"

"Ah, umeona?" Mzee akatabasamu kwa fahari. "Nilitaka uje ukute mwenyewe. Wewe si ndiye uliyetuelimisha? Ifakara hii tukose dawa ya unyevu, sisi wenye mpunga!"

"Nilisema mchele! Punje! Mkavu! Kwenye chumvi!"

"Mpunga si ndio mchele wenye shati?"

"Mbichi, Mzee! Ule mpunga ni mbichi! Una joto kama uji! Ungeuweka ghalani kwako ule?"

Hapo Mzee Kelestini akasimamisha panga. Domitila aliona jinsi jambo lile lilivyokuwa linamwingia taratibu, likianzia kwenye nyusi. "Ghalani kwangu, hapana," alisema.

Siku iliyofuata magunia yalitolewa. Mpunga wa sakafuni ulikuwa umeota vichipukizi vyeupe, ukawa wa kumwagia kuku. Domitila alikuwepo na mkasi wake mkononi tayari kukata kamba, lakini Mzee Kelestini akajisimamisha katikati ya mlango. Mgeni rasmi amethibitisha, alisema. Jumamosi ya wiki ya pili ya mwezi wa saba. Amethibitisha kabisa. Nailoni zote zifutwe kwa nje, ndani zisiguswe. Masika yote wamengoja, washindwe siku chache?

Domitila akatazama ule mstari wa vifurushi, akatazama cha mwisho. Ndani ya nailoni matone yalikuwa yamejipanga kama kwenye kifuniko cha sufuria. Alitamani kulia. Alitamani zaidi kumsukuma yule mzee akaangukia vichipukizi vyake. Lakini akina mama walikuwa wamesimama nyuma yake, Rosa anamvuta kanga anamnong'oneza, "Vumilia, dada, tumeshafika." Akaurudisha mkasi mfukoni.

Jumamosi ikafika, kavu, ina jua safi. Turubai likafungwa, viti vikaazimwa kanisani. Wali ulipikwa, kuku walichinjwa, ngoma ikaanza kuwambwa motoni tangu asubuhi. Wasichana wa darasa walipangwa mstari na blauzi zao nyeupe. Mlango wa chumba ulifunguliwa wazi, na kukatizwa utepe mwekundu ambao Domitila aliupinda mwenyewe pindo lake kwa sindano ya mkono, kwa kuwa katika chuo kizima cha ushonaji hapakuwa na cherehani kilichoruhusiwa kushona. Mkasi mpya uliwekwa kwenye sinia juu ya kitambaa cha kufuma.

Wakangoja. Saa nne, saa sita. Kuku wakapoa, wakapashwa, wakapoa tena. Mpiga ngoma mmoja alilala kabisa, kichwa juu ya ngoma yake. Binti ya Kabula aliuliza kama anaweza kukaa, akaambiwa mgeni atamkuta amekaa. Jua lilipoanza kuinama akatokea mtendaji juu ya baiskeli, anahema, akamvuta Mzee Kelestini pembeni. Watu wote walijua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi mabega ya mzee yalivyoshuka.

"Ndugu wananchi," alisema Mzee Kelestini, "mheshimiwa wetu amepata dharura. Anatuomba radhi, na ameahidi kupanga siku nyingine. Tutakula chakula, tutatawanyika kwa amani, tutangoja tarehe."

Neno chakula lilikuwa halijamalizika kutoka kinywani na nusu ya umati ilikuwa imekwisha kuinuka. Hakuna aliyekasirika. Hilo ndilo lililomshinda Domitila. Angalau mtu mmoja angetukana! Akasimama, akaenda kwenye sinia.

"Mama Raimundi," Mzee Kelestini aliita, "weka chini mkasi. Ni wa mgeni."

"Mgeni ana dharura. Na mimi nina dharura. Yangu ina miezi sasa."

Akakata. Utepe ukaanguka kushoto na kulia, mwepesi, bila sauti, na kwa muda hapakuwa na aliyetafuna. Kisha Kabula akapiga kigelegele kirefu, peke yake, na Domitila akaingia ndani.

Alianza na vipya. Alikata kamba, akachana nailoni, na kila aliyoichana ilimwaga maji miguuni mwake. Kutu ilikuwepo, kwenye skrubu, kwenye bamba la chini ya sindano, kwenye mpini. Lakini mwili wote wa kila kimoja ulikuwa bado na grisi ya kiwandani, nene, ya manjano, ambayo hakuna aliyewahi kuifuta. Akashika gurudumu la cha kwanza. Lilikataa, likalalamika, likazunguka. Cha pili kikazunguka. Akina mama waliokuwa wameingia nyuma yake wakaanza kushangilia kila gurudumu, mpaka cha tano. Domitila mwenyewe alikuwa anacheka sasa. Kama hivi vigeni vimepona, basi chake, alichokitia mafuta miaka yote, kitakuwa salama kuliko vyote.

Akaichana nailoni ya mwisho, asikitambue. Chake kilikuwa cheusi, chenye maua ya dhahabu kwenye mkono wake. Hiki kilikuwa cha kahawia, kimevimba magamba, na maua hayakuwepo. Akashika gurudumu. Akalishika kwa mikono miwili. Akaukaza mpini mpaka kiganja kikachubuka. Halikwenda hata unywele.

"Maua yake yamekwenda wapi?" aliuliza. "Kutu haili maua namna hii. Nani alikisugua?"

Kisha Rosa akasogea, mikono ameifumbata ndani ya kanga.

"Ni mimi, dada. Siku ile kabla hatujavifunga. Kilikuwa kinanata mafuta kila mahali, na vile vipya vinang'aa pembeni yake. Niliona kitakutia aibu. Nikakisugua kwa sabuni ya unga na majivu, nikakisuuza vizuri, nikakianika. Nilitaka kipendeze siku ya mgeni."

Domitila alikuwa na makelele ya miezi kifuani, ameyahifadhi yote kwa ajili ya Mzee Kelestini. Akafungua mdomo yatoke, hayakutoka. Huyu alikuwa Rosa, aliyembebea Raimundi akiwa mchanga. Alikiosha kwa mapenzi, akakinyang'anya mafuta yake yote kwa mapenzi, na kikapelekwa uchi ndani ya masika makubwa kuliko yote. Akaweka kiganja juu ya kile chuma chenye magamba, akalia kweli, bila kujificha, kwa sababu alikuwa amefiwa.

Mzee Kelestini alikuwa ameingia. Alisimama nyuma ya akina mama, akavua kofia, akaivaa tena. "Hakiwezi kutengenezwa?"

"Kikilala kwenye mafuta ya taa wiki nzima, labda. Na labda kisiamke tena."

"Pole sana, Mama Raimundi. Pole kabisa." Akakohoa. "Ila Mungu mwema, hivi vitano ni vizima. Basi nilikuwa nafikiri, tuvifunge upya leo hii. Nailoni nyingine ninayo nyumbani. Utepe tutapinda mwingine. Mheshimiwa akituletea tarehe..."

Domitila alimtazama. Machozi yakakauka yenyewe. Kulikuwa na maneno mengi ya kumjibu, na yote alikwisha kumwambia. Akageuka, akakiinua kimoja cha vile vitano pamoja na ubao wake, akakipeleka nje, akakiweka kwenye ngazi mbele ya watu wote na sahani zao. Akavua kanga ya mabegani, akaikunja ngata, akaiweka kichwani. Kisha akachuchumaa pale pale karibu na mzigo.

"Mzee," alisema, "nitwike."

Huku kwetu mtu anaweza kukunyima ufunguo. Anaweza kukunyima salamu, hata shamba la baba yako. Lakini mtu aliyechuchumaa na ngata kichwani akikuambia umtwike, humkatai. Hata mliogombana kwenye mpaka mnatwikana kuni kwanza, ugomvi unaendelea baadaye. Mzee Kelestini alilijua hilo kama anavyojua kufanya ishara ya msalaba. Alitazama kulia na kushoto, kama atamwona mtu mwingine aliyeitwa Mzee. Watu walikuwa wameacha kula.

"Na mgeni akija?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mlete nyumbani. Atanikuta nashona."

Mzee Kelestini akainama. Akakishika cherehani kwa mikono yote miwili, akakinyanyua huku anaguna, akakiweka juu ya ngata, na akakishikilia mpaka Domitila aliposimama na shingo yake kukaa sawa. Halafu akampisha. Domitila akashuka ngazi, akapita kati ya viti vya kanisa, uso mbele, grisi ya manjano inamchuruzika sikioni. Hakuwa amefika barabarani aliposikia sauti ya Kabula nyuma yake.

"Na mimi, Mzee. Nitwike."